Rupia ya Mjerumani au feki ya juzi? Dalili za kuangalia kabla hujatoa hela

Arusha na Moshi sarafu ya kale haiji peke yake. Inakuja na babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, na sanduku lililofukuliwa chini ya mti wa msesewe, na Mzungu mmoja aliyeko Nairobi ambaye tayari ameahidi milioni mia. Ukiisikiliza hadithi hiyo hadi mwisho utajikuta umeshakubali bei. Mimi huomba sarafu kwanza, hadithi baadaye. Babu anaweza kuwa wa kweli na sarafu ikawa feki, na muuzaji anaweza kuwa mwongo wa kutupwa huku ameshika rupia halali bila mwenyewe kujua.

Sarafu zinazozunguka huku kwetu ni za aina chache, na ukizijua kazi inapungua. Rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria zilitangulia, zikipanda kutoka pwani na misafara ya biashara. Mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ikaanza kutoa sarafu ndogo za shaba zilizoitwa pesa, na rupia za madini ya fedha, na kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898 hata mtu wa migombani akalazimika kuitafuta rupia. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi hiyo, ikaigawa rupia kwa heller 100 badala ya pesa 64. Akaja Mwingereza na florini ya 1920, kisha shilingi ya simba na milima kuanzia 1921, pamoja na zile senti zenye tundu katikati. Zanzibar nayo ilikuwa na pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani, ya Sultani Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria. Kuna reale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Na kuna zetu wenyewe za 1966 zenye Mwalimu upande mmoja: sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20, mwenge kwenye shilingi. Hizi za mwisho ni nzuri kuziweka, ila ni nyingi mno, na anayekuomba laki kwa senti 50 ya sungura anakutania.

Vifaa si vya gharama. Tafuta mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kalipa ya kupimia upana, sumaku, tochi ya simu, glasi ya maji na uzi. Arusha umejaa madalali wa tanzanaiti, na lenzi hiyo ndiyo wanayotembea nayo mfukoni. Kwa mizani, sonara yeyote wa mjini atakupimia ukimwomba vizuri, hasa ukienda asubuhi kabla wateja hawajaanza kumiminika. Mizani ya duka la nafaka haifai kitu hapa.

UZITO HAULINGANI

Hii ndiyo dalili ya kwanza, na mara nyingi inatosha. Sarafu ya fedha haikutengenezwa kwa kukadiria. Serikali iliahidi kiasi fulani cha fedha ndani yake, na kiwanda kilifuata ahadi hiyo. Shika namba hizi: rupia 1 ya India na rupia 1 ya Mjerumani zote zina gramu 11.66, upana wa milimita 30 na nusu hivi, fedha halisi ikiwa sehemu 917 kwa 1,000. Nusu rupia ni 5.83, robo rupia 2.92. Rupia 2 za Mjerumani, za 1893 na 1894, ni gramu 23.32 na upana wa milimita 35. Reale ya Maria Theresa ni 28.07. Shilingi ya Afrika Mashariki ni 7.78.

Chakavu hupunguza uzito, lakini hupunguza kwa adabu. Rupia iliyozunguka mikononi hadi masharubu ya Kaisari wa Ujerumani yamefutika itasoma 11.4, au 11.3. Ikisoma 9 na kitu wakati kila unywele bado unaonekana, hapo hakuna cha uchakavu. Iliyosomeka hivyo karibu kila mara ni shaba ya njano au mchanganyiko wa zinki uliochovywa fedha juu, kitu kilichotengenezwa kama ukumbusho wa watalii kikabadilika jina njiani. Uzito uliozidi nao ni kosa. Risasi ni nzito kuliko fedha, na mtu anayesubu sarafu uani kwake huipenda kwa sababu inayeyuka kwa moto wa kawaida.

Chanzo kingine cha uzito mdogo ni mkasi. Kuna sarafu halali zilizokatwa au kusuguliwa ukingoni ili mtu abaki na unga wa fedha. Zungushia kalipa pande zote. Upana ukibadilika kutoka 30.5 hadi 29 kadiri unavyoizungusha, sarafu ni ya kweli ila imeliwa, na bei yake ni ya fedha iliyobaki, basi.

UZITO UKO SAWA LAKINI ROHO INASITA

Waghushi nao wana mizani. Anayejua kwamba rupia ni 11.66 anaweza kuongeza unene wa shaba kidogo mpaka namba ikubali. Hapo ndipo maji yanapoingia, na kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kukwaruza wala tindikali.

Weka glasi yenye maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe hadi izame kabisa, lakini isiguse chini wala ukuta wa glasi. Mkono wako ndio unaoibeba. Mizani itapanda kidogo, na kiasi kilichopanda, kwa gramu, ndicho ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo upate uzani wake, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Tone moja la sabuni ya maji husaidia, maana vipovu vya hewa vikiganda kwenye herufi vinakudanganya.

Tuseme una rupia ya 1892 juu ya kaunta ya sonara. Ikiwa kavu inasoma 11.62. Kwenye maji mizani inapanda hadi 1.13. Gawanya: 10.28. Fedha ya kiwango kile inatakiwa iwe 10.3 hivi, kwa hiyo umepatia. Chukua sasa nyingine ya uzito uleule iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli. Itapandisha mizani hadi 1.31, yaani uzani wa 8.9. Tofauti ya 1.13 na 1.31 haihitaji utaalamu, hata mizani ya bei nafuu inaiona. Florini ya 1920 ni mfano mzuri zaidi: ina gramu 11.66 kama rupia, lakini fedha yake ni nusu tu, hivyo maji yatakuambia 1.21 hivi. Mizani peke yake isingezitofautisha.

Kipimo hiki kina mipaka. Shilingi za Afrika Mashariki zina robo tu ya fedha, na robo hiyo inasogeza namba kidogo mno: 0.84 dhidi ya 0.87 ya shaba na nikeli. Mkono ukitetemeka tu umepotea. Kwa shilingi hizo tazama mwaka. Za 1921 hadi 1925, na za 1937 hadi 1946, zina robo ya fedha. Za 1948 hadi 1952 hazina hata chembe. Nimeona watu wazima wakinunua mfuko mzima wa shilingi za 1952 kwa bei ya fedha, kisa zinang'aa zaidi. Zinang'aa kwa sababu ni shaba na nikeli. Zile zenye fedha kidogo zikichakaa huingia rangi ya majani makavu kwenye shavu la mfalme na bega la simba.

INASHIKA SUMAKU, AU INASEMEKANA INAVUTA MCHELE

Fedha, dhahabu, shaba, bronzi, hata mchanganyiko wa shaba na nikeli, havishiki sumaku. Rupia ikirukia sumaku ni chuma kilichochovywa, maliza mazungumzo. Angalizo moja: shilingi 1 za Tanzania za kuanzia 1987 zina chuma ndani na zinashika sumaku kihalali, kwa hiyo usizitupe.

Kuhusu mchele. Kuna watu watakuambia rupia "yenye nguvu" huvuta punje za mchele, huzima simu, huzuia redio isiongee, na kwamba hiyo ndiyo yenye thamani ya mamilioni. Sarafu ya fedha haivuti mchele. Ukiona inavuta, tafuta sumaku iliyofichwa na punje zilizochanganywa na vipande vya chuma. Na kama mnunuzi wako ndiye anayedai kipimo cha mchele, halafu anataka utangulize hela ya "mtaalamu wa kupima" au ya "dawa ya kuitoa", yeye ndiye tatizo. Huyo hanunui sarafu kabisa. Anakuuzia matumaini.

UKINGO UNA MSTARI, USO UNA VITUNDU

Sarafu halali iligongwa: kipande bapa cha madini kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, kikabanwa kwa nguvu ya mashine. Ndiyo maana herufi zake zina kona kali na uwanja wa katikati ni laini. Feki nyingi za mtaani zimesubiwa, yaani madini yameyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka sarafu ya kweli.

Usianze na sura, kila mtu huanza na sura, na mghushi analijua hilo. Isimamishe sarafu, tazama ukingo. Rupia ina mistari midogo iliyosimama sawasawa pande zote, na ukiipitisha kucha unaisikia inakwaruza kwa mwendo mmoja. Feki ya kusubu huwa na mshono mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa pale mshono ulipofutwa, na mistari inafifia karibu na hapo. Reale ya Maria Theresa inakamatwa kirahisi zaidi. Ukingoni kwake kuna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yenye mapambo katikati. Ukingo mtupu au wenye mistari kama wa rupia ni jibu tosha.

Sasa lenzi. Kwenye sarafu ya kusubu utaona vitundu vidogo vya mviringo vilivyoachwa na hewa, uso wenye chembechembe, na herufi zinazopanda taratibu kutoka uwanjani badala ya kusimama wima. Usichanganye vitundu hivyo na alama za kuliwa na udongo. Sarafu iliyolala ardhini huliwa kwa mabaka yasiyo na umbo, mengi upande mmoja, ilhali vipovu vya kusubu ni vya duara na vimetawanyika popote, hata juu ya herufi.

Mlio pia unasaidia. Ikalishe rupia kwenye ncha ya kidole, igonge taratibu kwa sarafu nyingine. Fedha iliyogongwa hulia kwa sauti nyembamba inayokaa, risasi hutoa sauti ya kijiko cha mti. Ila sarafu halali yenye ufa ndani nayo haitalia, na iliyowahi kuunganishwa kitanzi pia hunyamaza, kwa hiyo mlio ni shahidi wa pili.

MWAKA NA MAANDISHI HAVIPATANI

Hapa ndipo ninapofurahia zaidi, maana mghushi anaweza kununua mizani lakini hasomi historia.

Sarafu ya Mjerumani ya Afrika Mashariki yenye mwaka kabla ya 1890 au baada ya 1916 haipo. Za 1890 hadi 1902 ni za kampuni. Rupia zake zina Kaisari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya chuma yenye tai juu, na maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili kuna ngao yenye simba na mnazi, na jina la kampuni limeandikwa kwa kirefu kuizunguka. Kuanzia 1904 simba na mnazi havipo tena. Kuna DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani na mwaka ndani ya mapambo ya majani, na herufi ndogo ya kiwanda: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Rupia ya 1910 yenye ngao ya simba na mnazi ni kiroja. Sarafu ya heller ya mwaka 1895 ni kiroja pia, kwa kuwa heller ilikuwa haijazaliwa. Rupia ya kampuni yenye herufi J itazame mara mbili chini ya lenzi. Herufi iliyobandikwa baadaye huwa na kivuli cha gundi au risasi kuizunguka, au uwanja ulio karibu nayo umekwanguliwa.

Pesa ya shaba ya kampuni ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili pamoja na mwaka wa Hijria. Miaka hiyo lazima ioane: 1890 na 1307, 1891 na 1308 au 1309, 1892 na 1309. Kama hujui tarakimu za Kiarabu, mtoto yeyote aliyesoma madrasa mtaani kwako atakusomea kwa sekunde.

Rupia za India zina mtego wao. Victoria alianza kuitwa "Empress" kwenye sarafu kuanzia 1877, kabla ya hapo aliandikwa "Queen". Neno Empress pamoja na mwaka 1862 ni uongo. Lakini rupia nyingi za kweli zimeandikwa 1862 ingawa ziligongwa miaka mingi baadaye, hadi miaka ya 1870, kwa hiyo wingi wake usikutishe.

Reale ya Maria Theresa ndiyo inayowachanganya wengi. Karibu zote zina mwaka 1780, aliofariki malkia huyo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliikataa yenye mwaka mwingine. Imeendelea kutolewa Vienna na hata kwenye viwanda vya London, Roma na Bombay, na bado inagongwa hadi leo. Kwa hiyo mwaka 1780 hauthibitishi umri wake. Sarafu inaweza kuwa halali, fedha safi ya sehemu 833 kwa 1,000, uzito barabara, na ikawa imetoka kiwandani mwaka ambao wewe ulikuwa sekondari. Ilipe bei ya fedha na kidogo juu yake, usilipe bei ya karne ya 18.

Na kuna senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII, mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaacha kiti Desemba ya mwaka huohuo. Madalali wa soko la Kiboriloni, Moshi, wameshasikia kwamba sarafu za mfalme huyo ni adimu duniani. Za Uingereza kwenyewe, ndiyo. Hizi za kwetu zenye tundu ziligongwa kwa mamilioni, na ziko kwenye makopo ya vifungo vya bibi zetu.

IMEGONGWA VIBAYA, HERUFI ZIMEPINDA

Kabla hujaitupa, tazama kama ina herufi T na mwaka 1916. Wakati wa Vita vya Kwanza meli za Uingereza zilizuia bandari, sarafu mpya hazikuja tena kutoka Ujerumani, na Wajerumani wakaanza kugonga zao wenyewe Tabora, kwenye karakana, kwa mashine za kubahatisha. Heller 20 za Tabora ni za shaba nyekundu au ya njano, zina taji na herufi D.O.A., na nyingi ni mbovu tangu zilipozaliwa: upande mmoja umekolea na mwingine umefifia, bati lina nyufa, picha imehama kutoka katikati. Ubovu huo ni wa kawaida. Ya Tabora iliyo safi kupita kiasi, yenye mduara kamili na herufi kali kama za mashine ya leo, ndiyo inayonitia wasiwasi.

Dada yake wa dhahabu, rupia 15 ya 1916, ndiye anayetafutwa na kila mchimbaji wa "mali za Mjerumani" kuanzia Machame hadi Karatu. Ina tembo anayenguruma mbele ya milima. Uzito wake ni gramu 7.17, dhahabu robo tatu, na zilitolewa 16,198 tu. Feki zake zipo, na nyingi ni shaba iliyochovywa. Kwa maji, ya kweli inapandisha mizani kama nusu gramu tu, 0.45 hadi 0.48. Ya shaba itagonga 0.8. Ukiona rangi nyekundu ikichungulia kwenye sikio la tembo au ukingoni, dhahabu ya juu imeanza kuchoka. Na hata kipimo cha maji kikikubali, sarafu ya bei hii haiuzwi wala hainunuliwi kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Mpelekee sonara mwenye mashine ya kusoma madini kwa mionzi, anayeipima mbele ya macho yako.

INANG'AA KULIKO UMRI WAKE

Hapa tumetoka kwenye uhalali tumeingia kwenye hali ya sarafu, na hapa ndipo hela nyingi hupotea kwa mikono yenye nia njema.

Mama mmoja wa Marangu aliniletea rupia ya 1897. Tulisalimiana, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," akaifungua kutoka kwenye pindo la khanga. "Nimekusugulia vizuri, uione ilivyotakata." Ilikuwa imetakata kweli, nyeupe kama sufuria mpya. Chini ya tochi, nilipoizungusha polepole, shavu la Kaisari lilikuwa na mamia ya mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, njia ya jivu na limau. Sarafu ilikuwa halali kabisa. Lakini mkusanyaji ambaye angeilipia vizuri ikiwa na weusi wake, sasa angeitazama kama kipande cha fedha cha gramu 11 na ushee. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa zile nyingine zilizobaki nyumbani aziache zilivyo.

Dalili za kusuguliwa ni hizo: mistari ya mwelekeo mmoja, mng'ao wa bapa usiosogea unapoizungusha, na uchafu mweusi uliobaki kwenye kona za herufi tu. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka, mwale wa nuru unatembea juu yake kama mishale ya saa. Mng'ao huo ukiuondoa haurudi. Soda, limau, dawa ya meno, Vim, Coca-Cola, vyote vinakula uso wa juu wa sarafu, na uso huo ndio mkusanyaji anaoununua.

Uchakavu wa halali unaanza kwenye vilele. Kwa rupia ya Mjerumani tazama tai wa kofia, masharubu, kisha bega. Kwa shilingi tazama manyoya ya simba na shavu la mfalme. Vilele vikiwa vimefutika huku mabonde yakiwa na ngozi ya kijivu iliyotulia, sarafu imezeeka kwa amani. Vilele vikiwa vikali lakini uso mzima mweusi kwa rangi moja iliyosambaa kama rangi ya viatu, mtu ameuzeesha kwa dawa. Weusi wa kweli una tabaka: kijivu, kahawia, pengine bluu kidogo karibu na ukingo. Sarafu zilizokaa kwenye nyumba za moshi wa kuni huwa nyeusi sana, na hilo si ugonjwa. Ziache.

KIJANI

Kijani cha aina tatu, dawa tofauti. Kijani kigumu, chenye uso laini, kilichoshikana na shaba kama ngozi, ni umri tu, usikiguse. Kijani kinachonatanata, chenye unyevu, mara nyingi kwenye sarafu iliyowekwa kwenye mfuko laini wa plastiki wa albamu za bei rahisi, kimetoka kwenye plastiki yenyewe. Kinatoka kwa asetoni safi, ile ya duka la kemikali na si ya kufutia rangi ya kucha. Loweka, usisugue, acha ikauke yenyewe, na fanya kazi hiyo nje mbali na jiko maana asetoni inawaka upesi sana.

Cha tatu ndicho kibaya: unga wa kijani mpauko unaotoka ukiufuta, na wiki ijayo umerudi ukiwa umechimba tundu. Chumvi imeingia ndani ya shaba, na kila ikipata unyevunyevu inaendelea kula. Huwa naiona zaidi kwenye sarafu zilizotoka Tanga na Pangani kuliko za huku mlimani. Itenge na nyingine, iloweke kwenye maji safi ya kuongezea betri (distilled water), si tindikali yake, ukiyabadilisha mara kwa mara kwa wiki kadhaa, ikaushe kabisa, iweke kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha, vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Ukinunua sarafu yenye unga huo, nunua kwa bei ya mgonjwa.

TUNDU NA KITANZI

Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki, na heller 10 ya Mjerumani, zilitoka kiwandani na tundu katikati. Ukingo wa tundu hilo una mdomo laini na maandishi yamepangwa kulizunguka. Tundu la rupia, karibu na ukingo, lilitobolewa na mtu ili ivaliwe shingoni. Linaharibu bei ya mkusanyaji, haliharibu uhalali. Hila iko kwenye lililozibwa. Pumua juu ya sarafu, mvuke utakauka kwa kasi tofauti pale palipozibwa, na chini ya lenzi herufi za hapo huwa zimechongwa kwa mkono. Kitanzi kilichoondolewa nacho huacha doa la kulehemu ukingoni, juu ya kichwa.

IMETOKA ARDHINI

Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zenye Kiarabu pande zote mbili na vina vinavyoitikiana kati ya upande mmoja na mwingine, hazina kazi Arusha isipokuwa zimeletwa. Ukikutana nazo, au ukafukua chungu cha sarafu shambani, usianze kutafuta mteja. Vitu vya kale vilivyo ardhini viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvivusha Namanga au Holili bila kibali ni kesi. Piga picha palepale vilipo kabla ya kuvigusa, kisha nenda ofisi ya afisa utamaduni wa wilaya.